Nyasi Mbili Nyuma ya Kamba za Nguo

Watoto wa rika letu pale mtaani Jericho tulijua uchawi mmoja tu: kufunga nyasi. Ukivunja kikombe, unafunga fundo kabla hujafika mlangoni, na mama anasahau kukuchapa. Masharti yalikuwepo. Ombi halitamkwi. Na fundo la jambo kubwa hutaka watu wawili, mmoja ashike, mwingine afunge.

Rafiki yangu aliishi mlango uliofuata wetu. Siku moja, kupitia ukuta, nikamsikia mama yake akisema wamepata nyumba kule Njiru, mbali na mtaa wetu, yenye choo cha ndani. Jioni hiyo nikamvuta rafiki yangu hadi nyuma ya kamba za nguo, kwenye nyasi ndefu.

"Nishikie."

"Umevunja nini tena, wewe?"

"Shika tu, bana!"

Akashika. Nikafunga, nikiomba kimoyomoyo wasihame. Kisha naye akataka zamu yake.

"Na usiachilie kabla sijakaza. Mikono yako legelege kama ugali wa shule."

Nikashika kwa nguvu zangu zote. Nilidhani tunaomba kitu kimoja.

Lori lilipokuja, aliketi juu ya magodoro akinipungia mkono. Likapinda kona. Nikakimbia kuangalia nyasi. Fundo langu lilikuwa limefunguka. Lake lilikuwa bado limekaza.

Mwaka huu tumekutana sokoni Jericho, yeye na binti yake wakichagua viatu vya mitumba. Tulikumbatiana, tukacheka, tukakumbuka nyasi. Nikamuuliza aliomba nini siku ile.

"Tuhame! Tulilala watoto watano chumba kimoja, na baba akikohoa hadi asubuhi. We uliomba nini?"

Binti yake alikuwa akimvuta sketi, akitaka viatu vyekundu. Miaka yote hii nilikuwa nimemwekea jibu la swali hilo.

"Nimesahau," nikasema.

"Muongo! Ulivunja kikombe, nakujua."

"Haya basi. Kikombe."

Walipoondoka nikapita nyuma ya nyumba zetu za zamani. Kamba za nguo zingalipo. Laiti uchawi wetu ungeruhusu maneno. Angehama tu, najua, na alistahili chumba chake; lakini angekwenda Njiru akijua kuna mtu aliyeomba abaki.

Nikainama, nikazishika nyasi mbili, nikajaribu kuzifunga peke yangu. Kila nilipovuta upande mmoja, wa pili uliniponyoka.