Bluu ya Kucha Imemponza Mama wa Mayai

Admin, ficha jina langu, na ukiweza ficha na huu mkono wa kushoto. Mimi ni mzee wa miaka sabini na moja, naishi Gatongora, Ruiru. Shule niliachia darasa la nne kwa hivyo msinisahihishe. Nina mke mmoja, na mjukuu wetu Shiku anapaka wasichana wa chuo kucha huko Kahawa Wendani.

Juzi Shiku alileta cutex mpya, hiyo rangi ya kucha. Si ile ya kumetameta. Hii ni nzito kama krimu, bluu kali kama mtungi wa gesi. Alienda kuijaribu kwa mama anayeuza mayai hapo geti, mjane mpole, ndio aone kama itabanduka haraka. Aliporudi akaiacha kwa meza, akaingia kuoga.

Tukabaki mimi na chupa tunaangaliana. Nikasema, hii mikono imekamua ng'ombe na kuchimba mitaro, haijawahi kupambwa. Nikapaka wa kushoto. Wueh! Mara moja tu na kucha imefunikwa yote. Nikawa nageuzageuza vidole kama bibi arusi. Sasa, mimi sikujua hiyo kitu inataka kungojewa ikauke. Shingo ikaniwasha, nikajikuna. Nikasikia Shiku anatoka bafu, nikafuta kucha mbio na ile dawa yake ya kutoa. Kola ya shati sikuikumbuka.

Mama watoto akaona hiyo bluu kwa kola akifua. Jioni akaenda kununua mayai, akaona vidole vya yule mama. Akarudi, akanishikia ile kola mbele ya macho.

"Baba Njeri, huyo mwanamke amekushika shingo?"

Hapo ndio ningesema ukweli. Lakini mimi na mdomo wangu: "Mzee wa umri wangu akishikwa shingo, si hiyo ni baraka?"

Nilidhani atacheka. Alifunga nguo akaenda kwa binti yetu Thika, na simu zangu hashiki. Kabla aende aliambia akina mama wa chama. Wamemtoa yule mjane kwa chama, na mayai yake hakuna anayenunua.

Alinikujia akilia. "Guka, hata salamu ya mkono hatujawahi kupeana. Si uwaambie?"

Nikamwambia, "Ngoja kidogo, watatulia." Mzee mzima, nikajificha nyuma ya maneno kama hayo!

Na wacha niseme yote. Wazee tunaocheza nao drafti wameanza kuniita kijana, wananipisha nikae kwa kivuli. Ngai anisamehe, nilifurahia. Nilionelea heri niitwe mhuni kuliko mzee anayejipaka kucha.

Sasa huyo mama anatafuta nyumba Mugutha ahame na watoto wake, kwa jambo ambalo hakufanya. Jumapili baada ya ibada wazee wa kanisa wametuita sisi watatu. Mke wangu amekubali kuja, lakini amemwambia binti yetu hawezi kuzeeka akichekwa. Nikisema ukweli, atachekwa bado, kwa sababu yangu. Nikinyamaza, mtu asiye na hatia anahama.

Chekeni mkimaliza mnisaidie, usingizi umenikataa. Nitasema, hiyo nimeamua. Lakini hao wanawake wawili watakuwa wameketi mbele yangu, na wote nimewakosea. Nianze kumwomba nani msamaha?