Safu ya Nne ya Daftari

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuandika jina la dada yangu kwenye daftari kabla sijajua ninatafuta nini. Nikilikumbuka, inanijia harufu ya shati bichi likipigwa pasi, harufu iliyotoka chumba cha nyuma kila jioni mwaka nilioanza kidato cha kwanza. Kipupwe cha Tunduma hakikaushi nguo. Ukungu unakaa mpaka saa tatu asubuhi, na ukiondoka, vumbi la malori yanayosubiri kuvuka mpaka linapokea zamu na kuingia hadi kwenye sukari. Nilikuwa na mashati mawili tu ya shule, na doa sikulivumilia. Pasi ya mkaa ya mama ilidondosha majivu kwenye kola, nikalalamika mpaka baba akanunua ya umeme. Kazi ya kunyoosha ikamwangukia Oliva, binti wa mama mkubwa, aliyetoka Ndalambo kuja kukaa kwetu ili amalize kidato cha nne. Shule ya kwao ilikuwa mbali, na wasichana waliopanga vyumba karibu nayo wengi walirudi makwao bila cheti.

Mwezi uleule baba, ambaye kazi yake ilikuwa makaratasi ya mizigo pale mpakani, alileta kompyuta kuukuu kutoka ng'ambo, Nakonde. Iliwekwa sebuleni na kufunikwa kitambaa cha kufuma. Niliruhusiwa kuiwasha saa kumi na moja jioni. Siku nyingine iliwaka vizuri. Siku nyingine ule mstari wa buluu ulitembea mara tatu, kioo kikawa cheusi, ikalia tii na kuanza upya. Mstari, giza, tii, mpaka nichomoe waya. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa na kitabu kisicho na jalada, nilichokipata kwa kijana wa kibanda cha intaneti, nikafuata kila ukurasa. Nilifungua boksi, nikatoa kadi zake na kusugua kwa ufutio meno yake yanayopitisha umeme, nikaifuta yote na kuiwekea programu upya mara nne. Haikusaidia, na kwa kuwa nilijua nimefanya kila kitu sawasawa, niliamini kuna mtu anaiharibu.

Nikaanzisha daftari. Safu ya kwanza siku, ya pili saa, ya tatu ilizimikia wapi, na ya nne nani yuko nyumbani. Nililipigia mistari kwa rula, na nikikosea herufi nilichana ukurasa mzima. Baada ya wiki tatu safu ya nne ilizungumza yenyewe: kila siku iliyozima, Oliva alikuwa nyumbani, na siku alizobaki shuleni kujisomea, iliwaka bila tatizo. Kwake daftari likawa mzaha. Alikuwa akipita na beseni la maji ananiuliza, "Afande, leo nimekamatwa saa ngapi?" Mzaha wake nao nikauona ni ujanja. Asubuhi moja nilinyunyiza unga wa sembe kidogo juu ya vitufe ili nipate alama za vidole. Jioni nikakuta unga haujaguswa. Mtu mwenye akili timamu angesema hakuna aliyegusa. Mimi niliandika: amejua.

Nilimpelekea baba daftari. Alilisoma polepole, kama anavyosoma hati za forodha, na mistari ile iliyonyooka ilimshawishi kuliko maneno yangu. Akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako," akamwita Oliva. Dada alisimama mlangoni, mikono ina sabuni. "Baba mdogo, ile mashine mimi naiogopa," alisema. "Hata vumbi sijawahi kuifuta." Mama alisema kwa sauti ya chini kwamba dada yake atauliza sababu, na yeye hatakuwa na la kumjibu. Lakini daftari lilikuwa juu ya meza. Jumamosi Oliva alipanda basi la Ndalambo na begi lake, ikiwa imebaki miezi michache tu kufika mtihani wa taifa.

Siku nane kompyuta iliwaka bila kuzima hata mara moja. Nilizijaza zote kwenye daftari, nikijiona hakimu. Mama alikuwa amerudia pasi yake ya mkaa, na Jumapili nikakuta majivu kwenye kola. Nikakasirika, nikaichukua ile ya umeme mwenyewe, nikaichomeka chumba cha nyuma. Ilipoanza kushika moto, nilisikia tii kutoka sebuleni, kisha tena, tii. Baba aliita, "Njoo uione. Imeanza tena, na mwenyewe yuko Ndalambo." Nilibaki nimesimama na pasi mkononi. Waya mmoja mwembamba ulilisha vyumba vyote viwili. Pasi ilipovuta umeme, kompyuta, ambayo inapowaka ndipo inapohitaji nguvu zaidi, ilikosa.

Nilirudia jaribio mara saba wazazi walipokuwa kanisani, mara zote taa nimeiwasha, na mara zote niliiona ikififia. Kisha nikanyamaza. Wiki tatu nzima nilinyamaza, nikivaa mashati yenye majivu. Mwalimu wa darasa la Oliva aliponisimamisha pale shuleni kuniuliza kwa nini mtahiniwa wake haonekani, nilimwambia anaumwa. Njiani kurudi nyumbani nililia, nikaingia moja kwa moja kwa baba, nikachomeka pasi mbele yake na kumwomba awashe kompyuta. Aliangalia ikizima. Hakunipiga. Alisema kesho nitakwenda naye Ndalambo, nikaseme mwenyewe.

Tulimkuta Oliva uani anapukuchua mahindi, mama mkubwa kando yake. Nilisema yote, hata unga wa sembe. Oliva aliweka gunzi chini.

"Kwa hiyo ulikuwa unaandika jina langu wakati mimi nakunyooshea shati lako?"

Nikasema ndiyo.

"Kaa hapo. Gunia hili tulimalize kwanza."

Nilipukuchua mpaka vidole vikatoka malengelenge, na gunia lilipojaa tulipanda basi, Oliva na begi lake akiwa nasi.

Alifanya mtihani akiwa amekosa mwezi mzima wa masomo, akafeli hesabu. Waswahili husema majuto ni mjukuu. Mimi wangu alikuja mapema nikiwa bado mtoto. Oliva alilirudia somo miaka miwili baadaye kama mtahiniwa wa kujitegemea, akafaulu, na sasa anafundisha shule huko Isansa. Bado ananiita Afande, na siku zote sijui anatania au anakumbusha. Mimi natengeneza kompyuta karibu na stendi. Siku hizi nyingi zina betri zake, umeme ukiyumba hazijali, lakini watu hawajabadilika: mteja anaweka mashine mezani na kabla hajaeleza inavyozima, ananitajia aliyeiharibu. Mtoto wa shemeji, msichana wa kazi, mpangaji. Namwuliza imechomekwa wapi, na nini kingine kimechomekwa hapo. Hata leo ninaweka daftari la kazi, na mistari bado naipiga kwa rula. Lina safu tatu. Mashati yangu nanyoosha mwenyewe.