Nikianguka, Usinifuate

Wiki iliyopita, pale Mikumi, nilikalishwa kwenye mafunzo ya usalama kabla ya kuruhusiwa kuingia kituo cha bomba la mafuta. Kila anayeingia pale lazima ayapitie, awe fundi au mwandishi kama mimi.

Mkufunzi, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alituuliza, "Mwenzako ameanguka ndani ya tangi. Utafanya nini?"

"Naingia kumtoa," akajibu kijana mmoja wa Lumuma. Kando yake alikaa kaka yake. Wote wawili walikuwa wameajiriwa kusafisha matangi.

"Gesi iliyomwangusha bado imo," mkufunzi akasema. "Huioni, na pengine hata harufu yake huisikii. Ukiingia bila kifaa cha kupumulia, tutatoa maiti mbili. Piga kengele, ubaki nje."



Kaka mtu akamshika mdogo wake mkono. "Umesikia? Nikianguka, usinifuate."

Kijana aliinamisha kichwa. "Sasa kaka, mama nitamwambia nini?"

"Angalau utakuwepo wa kumwambia."

Mkufunzi akasema hatawaruhusu ndugu hao wawili kufanya kazi pamoja katika zamu moja.

Tumelelewa kukimbilia penye kilio, na tunajisifu kwa hilo. Tangu siku ile nawawaza ndugu zangu wanavyonipenda, na upendo wao unanitia hofu.