Babu Mzaa Baba

Wiki hii nilikuwa kwenye foleni ya pasipoti hapa Ngara. Mbele yangu alisimama binti anayetangaza kwenye redio yetu ya wilaya. Amechaguliwa kwenda ng'ambo kwenye mafunzo ya waandishi wa habari vijana.

"Babu mzaa baba alizaliwa wapi?" ofisa alimuuliza kwa upole.

"Kaburi lake liko Rulenge, afande."

"Sikuuliza alipozikwa, dada. Bila jibu hilo siwezi kuendelea."

Binti huyu huwauliza wakubwa maswali ambayo sisi wengine huyameza. Pale alibaki akivutavuta mkanda wa begi lake. Mwishowe akampigia simu bibi yake, akaweka spika ili ofisa naye asikie.

"Shikamoo bibi. Eti babu alizaliwa wapi?"

"Marahaba. Watu wote unawauliza, leo ndiyo umenifikia mimi?"

Foleni ikacheka. Bibi akashusha sauti. "Hayo si ya kwenye simu. Njoo nyumbani, uje peke yako."

Kicheko kikaisha. Huku kwetu mpakani, wengi tuna babu ambaye hatukuwahi kumuuliza alizaliwa upande upi wa mpaka. Ofisa akamrudishia binti karatasi zake, akamwambia atampokea hata kesho.

Nasikia huko ng'ambo watafundishwa kuuliza maswali magumu na kusema ukweli walioupata. Nami tangu siku ile najiuliza: jibu la bibi likiwa ndilo la kumzuia kusafiri, atarudi dirishani kulisema kama alivyolisikia? Ningekuwa mimi, sijui.