Kilichobaki Ndani ya Mabano

Ofisini tulimwita Mama Mabano, naye aliitika. Chumba chetu kiko chini ya ukumbi wa Bunge. Kila neno linalosemwa huko juu hushuka kwa waya hadi masikioni mwetu ili tuliandike katika kumbukumbu rasmi. Palipokuwa na sauti isiyo neno, iliingia ndani ya mabano, na hapo Mama Mabano hakuwa na mshindani. Wabunge wakipiga meza, aliandika (Makofi). Wakicheka, (Kicheko). Na ole wake mwandishi mgeni aliyechanganya kicheko na minong'ono. "Kicheko kina meno," alikuwa akisema. "Minong'ono ni kibogoyo. Rudisha, usikilize tena."

Jina hilo la utani lilifunika jambo ambalo sisi wenye shahada zetu hatukujisumbua kulitafakari. Mwanamke wa rika lake huitwa kwa jina la mwanawe. Yeye tulimwita kwa alama za uandishi, na tuliona kuwa tumemtania vizuri.

Alikuwa na mtoto. Alimzaa binti mmoja tu, katika zahanati isiyo na umeme, mkunga akifanya kazi kwa mwanga wa simu aliyoing'ata kwa meno ili mikono yake yote miwili iwe huru. Simu ikaisha chaji wakati ilipohitajika zaidi. Mtoto aliishi muda mfupi, akapewa jina, akafa. Ofisi ya vizazi ilikataa kutoa cheti cha kuzaliwa kwa kuwa mtoto alikwisha kufa. Ofisi ya vifo ikakataa cha kifo kwa kuwa hakuwa na cha kuzaliwa. Hivyo jina lake halikuandikwa popote. Liliishi nyumbani kwao tu, ambako mumewe alimwita Mama wa jina lile, mlango ukiwa umefungwa.

Mumewe alikuwa fundi redio. Baada ya msiba aliziacha redio, akajifunza kufunga paneli za umeme wa jua. Watu walisema huzuni imempandisha kwenye mapaa. Miaka ikapita, serikali ikaanzisha mpango wa kubeba sehemu ya gharama za paneli kwa zahanati na shule, na kuondoa kodi kwenye betri. Fundi akapata kazi kila kona. Zahanati ya kwanza kuifunga ilikuwa ile ile. Mkewe aliniambia kwamba siku taa ilipowaka katika chumba cha kujifungulia, mumewe alitoka nje akajifanya anatafuta bisibisi.

Haya nimeyajua kwa sababu ya siku moja tu, siku ya mjadala.

Hoja iliyoletwa bungeni ilitaka mpango huo ukomeshwe. Kabla ya kikao, kamati ilizunguka kuwasikiliza watu, na fundi alisimama mbele yake akasimulia habari ya binti yake, akalitaja na jina. Mbunge wao, mama mpole ambaye chumbani kwetu tulimwita Naomba Kumalizia kwa kuwa aliyasema maneno hayo tangu mwanzo wa hotuba, aliahidi kulifikisha ukumbini. Fundi alirudi nyumbani akamwambia mkewe: litatajwa; na likitajwa, litaandikwa.

Asubuhi hiyo Mama Mabano alikuja kwenye meza yangu. Mimi ndiye niliyepanga zamu, nani aandike kipande kipi cha kikao. Tangu nimfahamu hakuwahi kuomba kubadilishiwa.

"Kaka, leo nipe kipande cha mbunge wetu," alisema.

Nilimtania kwamba kazi haina upendeleo. Hakucheka. Ndipo akanieleza yote niliyoyasimulia hapo juu, akiwa amesimama, kwa sauti ya mtu anayetoa maelekezo ya njia ya dukani. Nilimpa kipande hicho. 

Mjadala ulianza kwa mbunge tuliyemwita Cherehani, kwa jinsi alivyoshona maneno bila kukata uzi. Alisema paneli zinaagizwa kutoka nje; betri zikichoka hakuna wa kuzibadilisha; fedha hizo zingefikisha nyaya za gridi vijijini, na umeme wa gridi ndio unaosaga nafaka na kuchomelea vyuma. Ningependa kusema zilikuwa hoja za kipuuzi, lakini hazikuwa. Nimewahi kuona kwa macho yangu paneli iliyogeuzwa kichanja cha kuanikia vyombo. Upande wa pili walijibu kwamba gridi imeahidiwa tangu babu zao wakiwa na meno, na kwamba mgonjwa haulizwi uji. Chumbani kwetu mwandishi mmoja akanong'ona kuwa kwa joto la maneno haya tungeweza kuwasha mji mzima bila jua wala gridi. Tulicheka. Mama Mabano alikuwa amekwisha kuvaa hedifoni.

Sote tulikuwa tukisikiliza. Naomba Kumalizia alisimulia bila madoido. Alieleza zahanati, giza, simu kwenye meno ya mkunga. Kisha akasema binti huyo alikuwa na jina, akalitaja, akalirudia.

Mama Mabano aliikanyaga pedali ya kurudisha sauti. Akasikiliza. Akairudisha tena, na tena.

Nikamsogelea. "Dada, kuna neno halisikiki?"

"Linasikika."

Alikuwa amefika penye kanuni yetu ya majina: jina la mtu haliandikwi mpaka lithibitishwe na mwenyewe au na hati. Aliinua uso akaniuliza nani athibitishe la mtu asiye na hati. Nikamjibu kuwa mama mzazi anatosha. Akaandika jina lile taratibu, kidole kimoja, kama mtu asiyejua kupiga chapa.

Kisha Cherehani akaomba kutoa taarifa. Alisema, kwa ile sauti yake nyepesi, kwamba msiba ni msiba, lakini kama kila aliyefiwa gizani atafungiwa paneli na serikali, basi na wauza sanda nao waje wadai ruzuku.

Ukumbi ulicheka. Haukuwa wote, lakini ulicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa na meno.

Niliona mikono ya Mama Mabano imesimama juu ya mashine. Nilimwambia tunaweza kuyaacha mabano hayo; hakuna atakayekagua kama tumeandika kila kicheko. Nilidhani ninamfanyia wema.

"Wamecheka," alisema. "Nikiandika kana kwamba hawakucheka, na mwanangu naye nitakuwa nimemtunga."

Akaandika: (Kicheko).

Kilichofuata kilifanywa na mtu mwema. Naomba Kumalizia alisimama kwa hasira ambayo hatujapata kuisikia kwake. Alimtaka Spika amlinde raia aliyefiwa, ambaye hayumo humo ndani kujitetea. Alitaka maneno yale yasibaki katika kumbukumbu. Wenzake wakapiga meza. Spika, ambaye alitaka utulivu kuliko alivyotaka kitu kingine chochote, akakubali, na akakubali zaidi ya alivyoombwa: kwa kuwa kanuni zinakataza kumjadili asiyekuwepo, maneno yote kuhusu familia ya fundi huyo, yaliyosemwa na upande wowote, yafutwe katika kumbukumbu rasmi.

Naomba Kumalizia alishukuru. Hakujua ameomba nini. Sidhani kama hadi leo anajua.

Amri ililetwa chini kwa karatasi, kama kawaida. Na kwa kawaida yetu, aliyeandika ndiye anayefuta, ili pasitokee wa kusema mwenzake kaharibu kazi. Niliishika karatasi hiyo huku nikitafuta namna ya kuifanya kazi hiyo mwenyewe. Aliniona. Alinyoosha mkono, na mimi, niliyesomea lugha miaka yote ile, nikampa.

Alifuta mstari mmoja baada ya mwingine. Mkunga akaondoka, simu ikaondoka, giza lenyewe likaondoka. Jina aliliacha mwisho. Kisha akalifuta nalo, na mahali pa maneno yote hayo akaweka kile tunachokiweka siku zote: (Maneno yamefutwa kwa amri ya Spika).

Kicheko alikiacha.

Nilimwonyesha kwa kidole, nikidhani amepitiwa. Akanisogezea karatasi ya amri. "Soma. Amefuta maneno. Kicheko si neno."

Nilisoma, na ilikuwa hivyo. Nikatia sahihi.

Hoja ilipitishwa kabla ya jioni. Waliosema Ndiyo walisikika kuwa wengi, mpango ukakoma. Chumbani tuliandika (Makofi).

Tulitoka pamoja. Mumewe alikuwa akimsubiri nje ya lango, ameketi juu ya sanduku lake la vifaa, suruali ya kazi ikiwa na vumbi la paa, redio ndogo imetuna mfukoni. Alisimama alipomwona. Askari wa lango, aliyezoea kututania, alimsalimu Mama Mabano akamuuliza kama leo wametupatia umeme au bado tuko na vibatari.

Fundi hakumsikia. Alimwita mkewe kwa jina ambalo sikuwahi kulisikia likitamkwa kwa sauti nje ya hedifoni: Mama wa binti yule, hadharani, mbele ya watu.

"Nimesikia redioni," alisema. "Wamelitaja mara mbili. Betri ikaniishia hapo hapo juu ya bati." Alitabasamu kwa aibu ya fundi aliyeishiwa betri. "Limeandikwa?"

Ningetoa chochote ili mtu mwingine awe ndiye wa kumjibu. Lakini mwanamke huyu hakuwahi kuandika ambacho hakikuwapo.

"Nililiandika kwa mkono wangu," alisema. "Halafu Spika akaamuru, nikalifuta kwa mkono huu huu. Na mpango wameufunga, baba. Hakuna kazi tena."

La mpango fundi hakulishughulikia kabisa. Alirudi kuketi juu ya sanduku, polepole, kama anayetafuta mahali pa kukanyaga kwenye paa linaloteleza.

"Hakuna kilichobaki?"

"Kimebaki kicheko."

 Nilidhani fundi atakasirika, au atalia. Akauliza tu, kwa upole, kwa nini hakukifuta nacho.

"Ili mtu akisoma aone wamecheka, atafute walicheka nini," alisema. "Asipokipata, ajue palikuwa na mtu hapo."

Askari, ambaye utani ulikuwa umemkauka mdomoni, alimuuliza taratibu, "Mama, kumbe una mtoto?"

"Ninaye," alisema.

Akabeba upande mmoja wa sanduku la vifaa, mumewe akabeba upande wa pili, wakavuka barabara. Sanduku lilikuwa zito, au hatua zao hazikulingana, kwa maana kila baada ya nguzo moja au mbili walilitua, wakasimama, wakalibeba tena.

Fundi amerudi kwenye redio. Mkewe bado anakaa meza ya pili kutoka kwangu, na waandishi wageni bado anawafundisha tofauti ya kicheko na minong'ono. Jina la utani tumeliacha. La kweli, lile la binti yake, ninalijua, lakini sikuliandika hapa. Nilimwomba ruhusa, akakataa. Alisema lilipata mahali pake mara moja, na mahali pengine yeye hapatafuti.