Nilimwachia shemeji Vitz RS yangu Iringa, nikaikuta ameinyanyua

Wakuu, salamu kutoka Mbeya, huku baridi imeanza kutuuma masikio.

Ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Nilisubiri hasira zipungue ndio nije jukwaani. Hazijapungua, basi naandika nazo hivyo hivyo.

Kwanza muijue gari yenyewe. Mimi nafanya biashara ya mchele. Nachukua Chimala na Rujewa, wateja wangu wako Mbeya mjini na Iringa. Mzigo unapanda lori, mimi nafuata na gari ndogo. Barabara ya Mbeya mpaka Iringa naijua kuliko ninavyojua sebule yangu.

Gari ni Vitz RS, manual, gia tano, injini ya 1.5. Nilinunua kwa mtumishi mmoja wa Tukuyu aliyekuwa anahamishwa kikazi. Nilimshusha bei mpaka mke wake akatoka ndani kuja kuona ni nani huyo anayeongea na mume wake. Nikakagua bodi, nikalala chini nikakagua uvungu, nikaamka nikaanza upya. Yule mama akauliza kama nanunua gari au naoa.

Wasioijua RS wanadhani ni Vitz ya kupelekea watoto shule iliyobandikwa stika. Wakuu, hapana. Ile kitu imekaa chini, springi ngumu, usukani ukiugusa tu pua imeshaelekea unakotaka. Uko nyuma ya lori la makaa ya mawe kwenye kilima, limebeba mpaka linalia. Unarudisha gia ya tatu, unachungulia, barabara ikiwa nyeupe unaondoka. Dereva wa lori anakusikia, akigeuka akuone haupo.

Halafu gari hiyo hiyo kesho unaipaki Mwanjelwa kati ya bajaji na meza ya nyanya, na nafasi inabaki. Mafuta inanusa tu. Spea nyingi unazipata popote kwa sababu ni Vitz kama Vitz nyingine. Ndio maana nasema kwa mtu anayepiga hesabu zake, hizi hatchback ndogo za sport ndio raha pekee iliyobaki isiyohitaji mkopo. Unaenda sokoni umekunja uso, unarudi umetabasamu.

Shida ni ndugu.

Huku kwetu gari inapimwa kwa kwenda juu. Ukiwa na gari ya chini, hata kama inakimbia namna gani, watu wanakuuliza kwa upole utanunua gari lini.

Bingwa wa maswali hayo ni shemeji Festo, kaka mkubwa wa mke wangu. Anaishi Iringa na mama yao. Ana Noah aliyoinyanyua mpaka abiria wanaingia kwa kujivuta na mikono miwili kama wanapanda dari. Kwake hayo ni maendeleo.

Sasa ikatokea natakiwa Dar, kuna mnunuzi anataka kuonana uso kwa uso. Nikaona haina maana kuchosha gari. Nikamwacha mke wangu kwao Iringa asalimie, nikaacha gari uani kwa Festo, nikapanda basi. Funguo nilimwachia kwa sababu moja: aisogeze akitaka kutoa Noah yake. Aisogeze. Neno hilo nililisema mara mbili.

Siku ya kurudi nikashuka stendi Iringa, Festo kasema anakuja kunipokea. Natafuta gari yangu siioni. Nikapita kando ya Vitz moja ya ajabu, imesimama juu ya matairi kama mbuzi juu ya mawe, unaweza kumpitisha kuku chini asiiname. Nikacheka kimoyomoyo. Nikasema kuna mtu mji huu hana akili.

Nyuma nikasikia, "Shemeji, mbona unaipita gari yako?"

Wakuu, nilisoma namba. Nikaisoma tena kuanzia mwisho.

Festo ameegemea mlango, anachekelea. "Nimekufanyia kakazi kidogo. Ilikuwa inatambaa. Sasa hata Kilolo masika unaingia."

Sina safari ya Kilolo. Sijawahi kuwa na safari ya Kilolo.

Nikamuuliza amefanya nini. Akanieleza kwa furaha kabisa: mbele kaweka spesa za kuinulia, nyuma katoa springi zangu, kaweka za gari ya mizigo. Kila kitu kalipia yeye. "Na usinipe hata shilingi," akasema, akanipiga bega.

Hapo ndipo aliponiweza. Unagombanaje na kaka wa mke wako, mkubwa kwako, ametoa hela yake, na stendi nzima inawatazama? Nikasema asante. Asante ile ilikaa kooni kama mwiba wa samaki mpaka asubuhi.

Asubuhi tukaondoka na mke wangu, mama Neema, kurudi Mbeya. Yeye mchangamfu kuliko kawaida, anaangalia dirishani, anasema sasa anaona mbali. 

Kufika Ifunda nilishajua nimeharibiwa. Ukikata kona, gari inawaza kwanza. Ukinyoosha usukani, mwili unaendelea kuyumba peke yake kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Nikapunguza mwendo.

Tukapita Mafinga salama. Karibu na Nyololo tukakuta lori linajikokota. Nikafanya kitu ninachofanya kila wiki: gia ya tatu, nikachungulia, nikatoka. Kupita nikapita. Kurudi upande wangu ndio shughuli. Pua ilirudi, mgongo ukabaki nje. Nikarekebisha, ikayumba upande wa pili, na mbele kuna basi linakuja.

Mama Neema alinishika mkono, ule wa gia.

Tuliingia. Sijui kwa nafasi gani. Honi ya lile basi iliendelea kulia hata baada ya kupishana.

Nikasimama Nyololo pembeni ya duka la matairi, nikashuka. Nikaanza kuhesabu nati za matairi. Gari hii kila tairi nati nne. Tairi la nyuma kushoto nati tatu. Nikasema labda macho. Nikahesabu kwa kidole: tatu. Na mojawapo ya hizo niliizungusha kwa vidole, bila spana, kama kifuniko cha soda.

Nikasema maneno kuhusu Festo ambayo mods wangeyafuta hapa.

Mama Neema akashuka. "Usimtukane kaka yangu peke yake. Na mimi nilikubali."

Nikamwangalia.

Akaniambia. Tulipompeleka mama yao kanisani na RS ile Jumapili ya mwisho kabla sijaenda Dar, mama alimwambia Festo kwamba iko chini sana. Yeye na Festo wakakaa wakaelewana: ni magoti. Mama mtu mzima, anatoka kwenye gari kama anatoka shimoni, mbele ya washarika wote. "Na wewe umesimama pembeni unatazama juu kama huoni."

Jamani. Yule ni mama mkwe wangu. Nimshike mkono nimvute mbele ya kanisa? Huku kwetu mkwe na mkwe mnaachiana nafasi, na mama Neema anajua hilo kuliko mimi. Niliangalia juu kwa heshima.

"Mngeniambia," nikasema.

"Ungekubali?"

"Ningekataa. Lakini ningekataa tukiwa tumesimama, sio mbele ya basi."

Nikanunua nati pale pale, nikakaza zote mwenyewe, nikageuza gari kuelekea Iringa. Siendi Mbeya na kitu kile, kuna mteremko wa Inyala mbele na watoto wetu tumewaacha kwa dada yangu wanatusubiri.

Tulirudi mwendo wa harusi. Malori yote ninayoyapitaga yalinipita. Dereva mmoja akanipungia mkono, nadhani alinionea huruma.

Kufika, mama mkwe yuko barazani anachambua maharage. Nikamwamkia kwa mbali. Akaitikia, akauliza mbona tumerudi, nikasema kuna kitu tumesahau. Kwa namna fulani ilikuwa kweli.

Nikamvuta Festo nyuma ya gari, tukaanza kugombana kwa kunong'ona. Wakuu, kama hujawahi kugombana kwa kunong'ona hujui hasira ni nini. Nikamuonyesha tairi, nikamueleza habari ya lile basi. Unajua alijibu nini?

"Shemeji, mtu nimetoa hela yangu mfukoni."

"Umetoa hela yako ukaninunulia ajali."

"Maneno yote hayo kwa ajili ya kagari."

Kagari. Sauti ikanitoka. Nikamwambia kagari hako kamepita Noah yake kila kilima kati ya hapa na Makambako, na hata siku moja hakajamuomba yeye ushauri. Naye akapandisha: kama mimi nafurahia mama yao achimbuliwe kila Jumapili, wao hawawezi kuvumilia, maana mama mwenyewe ndiye aliyelalamika.

Barazani maharage yakanyamaza.

"Nani kalalamika?" mama akauliza.

Festo akageuka. "Mama, si ulisema iko chini sana?"

"Nilisema kiti."



"Kiti ya nyuma iko chini," mama akaendelea, taratibu, kama anaeleza watoto. "Nikikaa naona mgongo wa kiti ya mbele tu. Baba Neema anayapita malori, mimi nasikia injini inalia, sioni chochote. Nilitaka mto."

Mama Neema akauliza kwa sauti ndogo, "Na magoti, mama?"

"Magoti yananiuma nikipanda hiyo Noah ya kaka yako."

Wakuu, naomba mtulie hapo kidogo. Mnajua sisi wa bara tulivyo. Kiti iko, gari iko, meza iko, kila kitu duniani iko. Mama angesema "kiko chini", Festo angeelewa ni kiti, na springi zangu zingekuwa mahali pake. Nimekaribia kufa na mke wangu Nyololo kwa sababu ya ngeli. Mwalimu wangu wa Kiswahili popote alipo, naomba radhi kwa vipindi nilivyosinzia.

Na hata hivyo, ngeli si utetezi. Mtu akisema iko chini, muulize nini iko chini. Ni swali la sekunde moja. Festo alirukia jibu kwa sababu alikuwa anatafuta sababu tangu siku niliyoinunua.

Tukaenda kwa fundi wake. Springi zangu zilikuwepo, zimetupwa chini ya benchi. Nikamuuliza mbona hakuziuza. "Hizo hazina mteja, mkuu. Huku watu wanaenda juu."

Nikamuuliza nati yangu iko wapi. Akasema labda haikuwepo tangu mwanzo. Mimi. Mtu aliyelala chini ya gari Tukuyu mpaka akadhaniwa anaoa. Tulivutana pale mpaka majirani wakatoa viti. Mwisho akakubali kazi ya kurudisha ataifanya bure, na nisimtaje kwa jina. Simtaji, lakini hiyo bure nilimsimamia kichwani. Kila tairi akimaliza nahesabu, halafu nazunguka nahesabu kutokea upande wa pili. Akasema hajawahi kuona mteja wa namna hii. Nikamwambia na mimi fundi wa namna yake ndio kwanza namuona.

Festo muda wote kakaa kwenye Noah yake, huko juu.

Siku iliyofuata mama akasema anakuja Mbeya kuona wajukuu. Akatoka ndani na mto wake wa sebuleni chini ya kwapa. Mke wangu akamfungulia mlango wa nyuma. Mama akaupita, akafungua wa mbele, akaweka mto, akakaa. Mama Neema akaenda nyuma.

Nyie, nimeendesha kwa adabu siku hiyo. Mimi natazama barabara, mama anatazama barabara, hakuna anayegeuza shingo. Springi zangu chini, usukani umerudi kuwa usukani. Baada ya Ifunda tukalikuta lori limebeba mbao, linapanda taratibu, na mbele yake hakuna kitu mpaka mwisho wa macho. Kwa heshima ya mkwe nikatulia nyuma yake.

Tukakaa pale kidogo. Mama akajiweka sawa kwenye mto.

"Baba Neema," akasema, "huyu mbona hatumpiti?"

Gia ya tatu.

Sasa nilichojifunza. Gari ya chini haijakosea, imetengenezwa hivyo na watu waliokaa wakafikiri. Ukiinyanyua bila kujua unachofanya unakuwa na Vitz ya kawaida yenye kizunguzungu. Na mtu akitaka kukupa zawadi kwenye gari yako, muombe akupe soda.

Festo hatujaelewana mpaka leo. Ameshautangazia ukoo kwamba sina shukrani, na kwenye vikao vyao inasemekana niliringa. Mama Neema anasema nimpigie simu. Nasubiri aanze yeye kuuliza habari ya lile basi la Nyololo, maana hajauliza mpaka leo kama tuliumia.

Wenye RS, Swift Sport, Colt na jamaa zake, nani mwingine amewahi kusaidiwa na ndugu namna hii? Na nyie mnaozinyanyua, msipite kimya kimya, kaeni mjitetee. Nawasikiliza, spana ninayo mkononi.