Komanda wa Kwenye Kivuli

Kila mwaka Pentekoste ilipokaribia, mama yangu alikwenda Lilongwe kwa miguu pamoja na wanawake wa kanisa letu la Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi. Walitembea siku mbili, wakalala katikati kwenye kanisa la kijiji, wakaingia mtaa wa Area 23 wakiimba. Mimi vita vilikuwa vimenitoa Bukavu na shahada yangu mpya ndani ya mfuko wa plastiki, na safari hiyo sikuiona maana. Nilimuuliza mama kama Mungu wa Dzaleka ni mwingine na wa Lilongwe ni mwingine. Aliendelea kuchagua maharage.

Kisha mwaka mmoja lori la tumbaku liliwapitia karibu mno, wakajitupa mtaroni, na mwanamke mmoja wa kwaya akavunjika nyonga. Wazee wa kanisa wakakata shauri: hakuna kwenda tena mpaka ipatikane njia nyingine, mbali na lami. Mama akasema yeye ataenda tu, hata peke yake, kwa lami ileile. Nikamwambia apande minibasi. Alinijibu bila kuinua sauti.

"Bukavu nilitoka mbio. Uvira, mbio. Mara moja tu kwa mwaka, mi nataka nitembee bila kukimbia. Na hiyo pia utaniuliza sababu?"

Wiki hiyohiyo nilianza kutafuta njia, pamoja na fundi cherehani mmoja wa Fizi ambaye kwao alikuwa mkulima. Nilikuwa nimechora ramani kwenye karatasi, yeye hakuitazama. Alitafuta alama za matairi ya baiskeli za wauza mkaa, akisema mtu aliyebeba magunia matatu hapandi kilima bure. Kila njia ilipogawanyika alifunga kipande cha kitenge kwenye tawi, masalio ya kazi yake. Nilipoinama kuangalia karatasi alinitania.

"Profesa, hii njia iko na diplome?"

Mahindi yalikuwa yamevunwa na mashamba yalikuwa wazi hadi mbali. Mchana wa siku ya pili tukaona mbele yetu kichaka cha miti mirefu, ya pekee katika nchi ile nzima iliyokatwa kuni. Chini yake kulikuwa na kivuli kizito. Niliandika kwenye ramani: hapa akina mama watapumzika na kula. Tukamuuliza mwanamke aliyekuwa akianika mahindi kama tunaweza kupita pale. Alitikisa kichwa, akaonyesha miti kwa kidole, akasema neno moja.

"Kumanda."

Fundi alinishika mkono. Kwetu komanda ni mkubwa wa askari, yule anayekaa kwenye kizuizi na kuamua nani apite na nani abaki. Tulimwambia yule mwanamke zikomo, asante ya kwao, tukageuka, tukatembea upesi bila kutazama nyuma. Tulizunguka kwa kukata dambo, lile bonde la majani ambalo chini yake ni maji, na matope yalimlia fundi kiatu kimoja. Hakutania tena hadi tulipofika nyumbani.

Tuliwaeleza wazee wa kanisa kwamba njia ipo, ila katikati amekaa komanda. Hakuna aliyeuliza ni wa jeshi gani. Wanawake waliokuwa wamesimama mlangoni waliondoka mmoja mmoja. Mama alibaki, akauliza tu kama lami bado ipo.

Baada ya siku chache nilikwenda Capital Hill, kwenye ofisi za serikali Lilongwe, kufuatilia karatasi zangu. Nikiwa nasubiri pale nje, kwa Kiingereza changu kibovu, nilimuuliza mlinzi wa lango kwa nini serikali yao inaweka askari kwenye vichaka vya vijijini. Nilimtajia neno la yule mwanamke, akataka nilirudie. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Manda kwa Kichewa ni makaburi, alisema. Kumanda ni makaburini. Miti yake haikatwi, ndiyo maana inabaki peke yake.

Nilirudi kwenye benchi nikiona haya. Chuoni nilibishana na wahadhiri kuhusu kila kitu, hata kuwapo kwa Mungu. Neno lile moja nililipokea bila swali, kwa sababu liliingia masikioni na miguu ikalielewa kabla yangu.

Nilikwenda na fundi kumwona amfumu, mkuu wa kijiji chenye ile miti. Alitusikiliza akimenya karanga. Alikubali wanawake wetu wapite, lakini pembezoni mwa miti, si chini yake, na wasiimbe mpaka wavuke. Nikauliza kwa nini, maana huo ndio ugonjwa wangu. Akasema waliozikwa pale wamelala. Nikafuta kwenye ramani yangu mahali pa kupumzika.

Pentekoste ilipofika nilitembea nyuma ya wanawake, kubeba maji tu, kama nilivyomwambia kila aliyeniuliza. Vile vipande vya vitenge vilikuwa bado matawini. Malori tuliyasikia kwa mbali, upande wa kushoto. Tulipoikaribia ile miti kwaya ilinyamaza, na nikaona kadhaa wakivuta watoto karibu, ingawa nilikuwa nimewaeleza mara tatu kwamba ni makaburi tu. Mama alinisubiri nimfikie.

"Ni hapa njo iko komanda wenu?"

"Ni hapa, mama."

Aliitazama miti kwa muda. Halafu akaketi juani ukingoni mwa njia, kwa nje, akavua kiatu na kukung'uta mchanga, akakichunguza ndani, akakikung'uta tena. Wenzake walikuwa wamekwisha kutangulia. Nilitaka kumwambia afanye haraka, lakini nikasimama pale na ndoo yangu mpaka alipomaliza kufunga kamba.